Kilima cha Wino

Fundi tunayemzungumzia hapa alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani lilikuwa limeshafutika siku nyingi. Watu walimwita Pande Mbili, na hawakumsingizia. Katika miaka thelathini ya kutengeneza mashine za fotokopi na printa hakuwahi kutupa karatasi iliyotumika upande mmoja. Mashine ikishatengenezwa lazima ijaribiwe, na kujaribu ni kutoa nakala, na nakala ni karatasi. Mafundi wengine huchukua karatasi mpya kila mara, wanaitazama, wanaikunja, wanaitupa. Yeye alichukua moja, akaipitisha, akaigeuza, akaipitisha tena, na hata ikijaa pande zote alikuwa bado hajamalizana nayo. Ilikwenda nyumbani. Kule ilifunika bakuli la sukari, ilifungia mkate, ilitandikwa kwenye droo, au ilikunjwa ikawekwa chini ya ule mguu wa meza unaocheza. Ana mkono wa birika, walisema watu. Naye alicheka tu, akaendelea kukusanya.

Kitu ambacho watu hawakukijua ni kwamba bahili huyu alikuwa hajaizoea kazi yake. Miaka thelathini, jamani, na bado ilimshangaza! Taa inatembea chini ya kioo, inasoma kilichoandikwa, halafu unga mweusi, unga mkavu kabisa, unaruka wenyewe na kutua mahali pale pale penye herufi, kisha unapita kwenye rola la moto, unayeyuka na kushika. Alijua fika kwamba ni umeme unaouvuta ule unga. Angeweza kukueleza mpaka usingizi ukuchukue. Lakini kujua hakukumwondolea mshangao, na zaidi ya mara moja mteja alimkuta amesimama mbele ya mashine iliyofunguliwa tumbo, mikono kiunoni, anatabasamu peke yake.

Mkewe alikuwa mwalimu wa jiografia. Tangu enzi za uchumba walitaniana kwa kuitana kwa kazi zao, yeye Mwalimu, huyu Fundi, na utani ule ukakaa mpaka watoto wakaoa na kuolewa na kuhama nyumba. Mwalimu alisifika kwa kuchora ramani ubaoni huku anawatazama wanafunzi, mkono unakwenda wenyewe nyuma yake, na akigeuka ghuba na rasi zote zipo mahali pake. Kisha presha ya macho ikaanza kumla, kwanza pembeni, halafu katikati, na sasa ulikuwa mwaka wa pili haoni kitu. Hakuacha kazi. Alikuwa na ramani zote kichwani. Fundi alimsindikiza asubuhi hadi lango la shule, na toka hapo Mwalimu alihesabu hatua zake mwenyewe mpaka darasani, akagusa ukuta, akachukua fimbo, akafundisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka Alhamisi moja. Likizoni mhudumu wa shule alikuwa amepaka rangi ukuta wa darasa la mitihani, na alipoirudisha ile ramani kubwa aliitundika kichwa chini, miguu juu. Mwalimu akaingia, akanyoosha fimbo, akafundisha dakika arobaini. Alionyesha bahari palipo na milima. Alionyesha mto mkubwa ukianzia mahali unapomalizikia. Watoto arobaini na sita walikaa kimya, wakaandika, wakasema asante Mwalimu. Kwa heshima, hebu fikiria! Baada ya kipindi mmoja wao alikwenda kwa mkuu wa shule akilia, akaeleza. Mkuu, mtu mwungwana, alimwita Mwalimu na kumwambia kwa upole kwamba ataendelea kupata mshahara wake, ila akae ofisini, asaidie mahudhurio, na somo la ramani lichukuliwe na mwenzake kijana.

Nyumbani Mwalimu hakulia. Alisema afadhali wangecheka. Alisema darasa linalomcheka mwalimu bado lina mwalimu, lakini darasa linalomwonea huruma limeshamzika. Ijumaa akamwarifu mkuu kwamba Jumatatu, saa ya mapumziko, atampelekea barua ya kuacha kazi, na Jumamosi asubuhi, wakinywa chai, akamtajia mumewe maneno ya barua hiyo moja baada ya jingine, akamtaka ayachape na kuyatoa kwenye printa.

Fundi aliandika kila neno.  Angemwambia usiache, naye angeuliza nibaki nikifanya nini. Akayatia maneno hayo mfukoni akaenda karakana, na kabla ya kazi nyingine akaichapa barua kwenye karatasi mpya, akairudisha mfukoni.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, meza ya mbao iliyolowa mafuta, na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa. Katikati lilikaa dude la mama mwenye duka la steshenari, mashine kuukuu yenye uzito wa ng'ombe, iliyokuwa na ugonjwa wa kuvuta karatasi upande upande. Rola lake la kugandamiza lilikuwa limeisha, na la aina ile halipatikani tena, kwa hiyo Fundi alilifunga la mashine nyingine, laini zaidi, la mpira wa sponji. Sasa ilibaki kuinyoosha njia ya karatasi.

Hapa lazima niseme alivyokuwa akijaribu unyofu wa mashine, maana mkasa wote umetokea hapo. Fundi mwingine angetoa nakala ishirini na kuzipima kwa rula. Pande Mbili hakuwa na nakala ishirini za kupoteza. Aliweka kitu kimoja kwenye kioo, hakukitikisa, halafu akapitisha karatasi moja ile ile, mara ya pili, ya tatu, ya nne, upande ule ule. Mashine ikiwa imepinda, mistari hutawanyika, picha inaonekana kama mtu aliyelewa ndiye aliyeichora. Ikinyooka, mstari unatua juu ya mstari, na hata ukipitisha mara kumi huoni ila mmoja tu. Ni ubahili, sawa, lakini kipimo chake kilikuwa kikali kuliko cha rula.

Na hicho alichoweka kwenye kioo, je? Ah, hapo Fundi alikuwa na dhambi yake. Ilikuwa ramani ya kilima, imechorwa kwa kalamu nyembamba sana, kilima kizima kwa mistari ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kila mstari ukipita mahali penye kimo sawa. Mistari ilikuwa myembamba na imebanana kiasi kwamba mashine mbovu huiunganisha ikawa doa. Kwa kujaribia mashine hakuna kitu bora duniani. Mwalimu aliichora mwaka wake wa mwisho chuoni, baada ya kukizunguka kwa miguu kilima cha nyuma ya kwao, wiki tatu, na kamba na daftari. Fundi aliichukua kwenye sanduku la mkewe kwa siku moja tu. Jioni ile Mwalimu akaulizia ramani yake, na Fundi, badala ya kusema ninayo, akajitia hamnazo. Kesho yake ikawa vigumu zaidi kusema. Sasa ilikuwa miaka kumi na tisa, na nakala za ramani hiyo zilifichwa karakana mpaka Mwalimu alipoacha kuona.

Jumamosi hiyo aliipitisha karatasi, akakaza skrubu, akaipitisha, akalegeza. Alipofikia mara ya sita mistari ilianza kutua pamoja. Akaendelea mpaka kumi na mbili, akafurahi. Ila alipoipapasa aliona wino umesimama. Rola lile laini halikuugandamiza vya kutosha, na kila safari ilikuwa imeongeza tabaka juu ya tabaka. Akanung'unika. Kasoro hiyo, akasema, nitaishughulikia Jumatatu. Akaitia karatasi begini pamoja na nyingine za kupeleka nyumbani, akafunga mlango.

Mwalimu alikuwa ameshachemsha chai. Aliuliza kama barua iko tayari. Fundi akasema iko. Akasema ataitia sahihi wakishakunywa, halafu akaomba karatasi ya kuwekea birika lisiunguze meza. Fundi akaingiza mkono begini, akatoa ya juu, akampa, akaanza kutafuta sukari.

Birika halikutua. Fundi aligeuka akamwona mkewe amelishika hewani kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umebaki juu ya karatasi. Vidole vilikuwa havitembei. Kisha kimoja kikatembea, polepole, kikazunguka, kikarudi kilipoanzia. Mwalimu akaliweka birika sakafuni bila kujali. Akaleta mkono wa pili.

Fundi akautazama uso wa mkewe. Miaka miwili hakuuona uso ule. Ulikuwa uso wa zamani, wa mtu anayetazama kitu.

"Fundi," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Hiki ni kilima chetu."

 Mume akaanza kuungama yote kwa mkupuo, sanduku, siku moja tu, aibu, miaka kumi na tisa, na jinsi alivyokusudia kusema kila Ramadhani na kila Krismasi ya majirani na kila mwaka mpya. Mwalimu hakusikia hata neno. Alikuwa anapanda. Kidole kilivuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikafika mahali mistari imesongamana, kikasita.

Akasema hapa ndipo penye genge. Hapa aliteleza, akavunja kalamu, akateremka mpaka chini kwa makalio. Akasema pale mistari inapoachana ni uwanda mdogo ambapo mama yake alikuwa akianika mtama. Kidole kikaingia kwenye kikunjo chembamba ambacho Fundi, katika kutazama kwake kote, hakuwahi kukitilia maanani, na Mwalimu akasema hapa panatoka chemchemi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kwikwi, naye hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Halafu akamwambia mumewe afumbe macho, akamshika kidole cha shahada, akakiweka chini ya kilima.

Sijui niliseme vipi jambo hili. Fundi alikuwa ameitazama ramani ile mara elfu nyingi. Aliujua kila mstari kwa unene wake. Lakini yeye aliona mistari tu, mistari mizuri ya kujaribia mashine, na siku zote hizo hakujua kwamba kuna kilima. Sasa, gizani mwa kope zake, kidole chake kikivuka kimo baada ya kimo, kilima kikainuka. Alikihisi kikiwa kikali upande wa kushoto na kikilala upande wa kulia. Alifika kileleni, mahali padogo pa mviringo, hakuna mstari tena, na nywele za mkono zikamsimama. Wino wa unga, akawaza, unga ule ule. Nimekaa nao miaka thelathini na sikujua kwamba unaweza hivi. Alipofumbua macho mkewe alikuwa anacheka.

Chai ilipoa. Barua hakuna aliyeikumbuka, au labda wote waliikumbuka na hakuna aliyeitaja.

Jumapili asubuhi na mapema walikuwa karakana wote wawili. Fundi alitaka kuitoa ramani ya darasani, ile iliyomtia mkewe aibu, na kuitoa kwa namna ambayo kidole kitaisoma. Akaifungua atlasi ya zamani ya Mwalimu penye ramani ile ile, akaiweka kwenye kioo, akidhani ni kazi ya saa moja. Wapi! Ya kwanza ilipotoka, Mwalimu aliipapasa akasema ni fujo tupu. Majina, barabara, mipaka, vijimstari, vyote vimesimama pamoja, kidole hakijui kishike kipi. Jicho linaweza kuchagua katikati ya msongamano, akasema, kidole hakiwezi. Fundi akachora upya, akabakiza mito na milima na ufuko tu. Ya pili ikajikunja kwa joto. Ya tatu ikanasa kwenye rola. Ya nne ilitoka safi kabisa, naye akampa mkewe kwa majivuno ya mtu aliyemaliza kazi.

Mwalimu akaipapasa kwa muda mrefu. Akasema nzuri. Kisha akasema kwamba kilele na mto viko kimo kimoja, na hiyo si nchi, ni sahani. "Mimi nataka nikipanda nijue nimepanda," akasema.

Fundi akakaa kwenye kigoda. Akajikuna kichwa. Alitazama ile mistari ya kimo, mmoja ndani ya mwingine, akatazama mkasi uliokuwa mezani, na wazo likamjia taratibu, akaogopa hata kulisema kwa sauti lisije likakimbia. Alichukua karatasi nyeusi akaikata kwa umbo la mstari wa chini kabisa, ule mpana, akaiweka kwenye kioo na kupitisha mara tatu. Akakata nyingine kwa umbo la mstari wa pili, ndogo kidogo, akaiweka mahali pale pale, akapitisha karatasi ile ile tena mara tatu. Kisha ya tatu. Kisha ya nne. Kila umbo lilikuwa dogo kuliko lililotangulia, na kila safari wino ulipanda juu ya wino. Ili maumbo yasisogee aligongomea pembeni ya kioo rula ya chuma ya mkewe, ile aliyochorea ubaoni. Ili karatasi isijikunje aliipumzisha kila baada ya safari chini ya kamusi.

Ndipo ikatokea ajabu ya pili, na hii iliwashinda majirani kuiamini. Pande Mbili alifungua rimu mpya. Alitumia karatasi nyeupe, upande mmoja, akaona kasoro, akaiachia ianguke chini, akachukua nyingine. Saa tisa alasiri, mama wa steshenari alipokuja kuulizia mashine yake, alimkuta amesimama katikati ya karatasi nyeupe zilizofika vifundoni. Alimuuliza Mwalimu kwa mnong'ono kama mzee anaumwa.

Mama huyu alikuwa mtu wa maneno, na alikuja amejiandaa. Alianza na mashine, akaingia kwenye rola ambalo si la mashine yake, akawa anaelekea kwenye wateja wake waliokwenda duka la pili, Mwalimu alipomwomba kwa adabu afumbe macho kidogo na kunyoosha mkono. Karatasi iliyokuwa imetoka muda ule, bado vuguvugu, ikawekwa chini ya kiganja chake. Safu ya milima ilipanda kutoka ufukoni, ngazi kwa ngazi, mpaka kilele ambacho ungeweza kukishika kwa ukucha. Mito ilikuwa imeachwa mabondeni, myembamba, imelala chini. Mama wa steshenari aliipapasa, akaipapasa tena. Alifumbua macho akatazama, akayafumba. Hakusema kitu. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo mara pekee. Mwishowe alijikohoza akasema mashine anaweza kuisubiri mpaka wiki ijayo, akaondoka taratibu, na mlangoni akageuka kutazama tena.

Jua likitua walikuwa na ramani tano nzima. Walirudi nyumbani, Mwalimu amezikumbatia kifuani, Fundi vidole vyeusi hadi kwenye maungio.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafunga kiatu, Mwalimu aliuliza barua iko wapi.

Fundi alikuwa ameomba siku nzima ya jana asiulizwe. Angeweza kusema imepotea. Alikuwa na ujuzi wa miaka kumi na tisa wa kuficha karatasi ya mkewe. Lakini safari hii alifungua mfuko, akaitoa, akampa mkononi. Mwalimu akaipapasa, karatasi laini, maneno yake yote yamelala humo karibu bila kimo. Akaikunja mara moja na kuitia mkobani, pamoja na ramani. Akasema amemwahidi mkuu, na yeye akiahidi anatimiza. Akasema vilevile kwamba hataki kujidanganya kwa sababu ya furaha ya siku mbili. Darasa ndilo litakalosema.

Siku hiyo Fundi hakuishia langoni. Alimfuata kwa mbali, akasimama nje ya dirisha la darasa la mitihani kama kijana aliyepeleka posa.

Mwalimu alimwomba yule mwenzake kijana amwachie kipindi hicho kimoja cha kuaga, akaingia, akagusa ukuta, akakaa kwenye kiti chake. Fimbo hakuichukua. Alianza kwa kusema wazi kwamba Alhamisi aliwafundisha nchi iliyopinduka, kwamba anajua, na kwamba wamekosea kunyamaza. Kisha akagawa ramani nne kwa wanafunzi, ya tano akabaki nayo, akawaagiza wafumbe macho na kupokezana. Mwanzoni kulikuwa na vicheko na kusukumana. Halafu, dawati moja baada ya jingine, kukawa kimya. Haukuwa ukimya wa Alhamisi. Fundi aliona vidole vikipanda, aliona midomo ikiachama, aliona binti mmoja akifika kileleni na kushtuka, akairudia njia yote kutoka baharini.

Mwalimu akauliza mto mkubwa unaanzia wapi. Mvulana wa dawati la mbele akajibu haraka kwamba unaanzia kwenye ghuba, unapanda kuelekea kaskazini.

"Njoo hapa," akasema Mwalimu. Akakishika kidole cha yule mvulana, akakiweka kwenye ramani yake, juu ya mto, akakipeleka. "Unapanda au unashuka?"

 Kidole kilikuwa kinapanda. Mvulana akasema, kwa sauti ya mtu aliyezinduka, kwamba maji hayawezi kupanda, basi ameanza mwisho. Darasa zima likacheka, na Mwalimu akacheka nalo kwa sauti. Fundi, kule nje, akashika nondo za dirisha akacheka nao.

Kengele ya mapumziko ilipolia mkuu wa shule alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa amekuja mapema, na watoto walimpita wakitoka, bado wanabishana kuhusu genge la mashariki. Aliokota ramani moja iliyobaki juu ya dawati, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole, akakirudisha kama mtu aliyeguswa na umeme. Alionekana ana mengi ya kuuliza. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na siku hiyo kulikuwa na jambo lililotangulia, kwa hiyo akajikohoza, akasema kwa upole kwamba amekuja kwa ajili ya ile barua, akanyoosha mkono.

Mwalimu akafungua mkoba, akaitoa. Fundi, ambaye sasa alikuwa amesimama kizingitini, aliuma midomo. Mkewe aliikunjua barua juu ya meza, akaipapasa upande wenye maneno, kisha akaigeuza, akaupapasa upande wa pili, kona hadi kona, akihakikisha. Mkono wa mkuu ulikuwa bado umenyooka.

"Fundi," akaita Mwalimu, akiisogeza karatasi upande aliposikia pumzi za mumewe, "hii bado ina upande mmoja mtupu. Kesho nina kipindi cha mabonde."